Mstari wa Mvua wa Chelimo

Mwaka 2008, katika maabara ya chuo kimoja nje ya mji wa Bungoma, Chelimo alichukua mvua ya Kitale ya miaka kumi akaifanya mstari mmoja: unapanda Aprili, unashuka kidogo, unapanda tena Agosti, unazama Septemba. Chini yake akaandika jina lake. Kazi ya maabara hiyo ilikuwa kutafuta michoro ambayo hata mkulima asiyependa tarakimu angeielewa. Wakulima arobaini wa kijijini kwao Kibomet, karibu na Kitale, mama yake akiwemo, wakapewa karatasi hiyo, wakaulizwa, "Umeelewa?" Wote wakasema ndiyo.

Hapo ndipo angepaswa kushtuka. Watu arobaini wa Kibomet hawajawahi kukubaliana hata juu ya njia ya kwenda kisimani. Lakini msimamizi wake, Daktari Wanyonyi, alifurahi, nakala elfu tatu zikapangiwa kuchapishwa, na Chelimo angevaa joho Desemba. Mama yake, Jelagat, alishashonesha gauni la siku hiyo.

Oktoba alikwenda nyumbani Kibomet. Maharagwe ya jirani yalikuwa yametoa maua. Ya mama yake yalikuwa yamekauka, hayajafika hata kwenye kifundo cha mguu.

"Mama, hii ulipanda lini?"

"Ni wadudu," Jelagat akasema, akijifanya anatafuta sufuria.

"Wadudu gani hawavuki ua?"

Jelagat akamwonyesha ile karatasi, aliyoibandika ukutani kando ya kalenda ya kanisa. Kidole chake kikafuata mstari mpaka Septemba.

"Si hapa ndio bonde? Maji inateremka kutoka huku kwa kilima, inajaa hapa. Nikangoja."

Mwanamke aliyelima miteremko maisha yake yote angeona nini kingine? Aibu ilimshika Chelimo, kisha hofu: nakala elfu tatu.

Jumatatu alimweleza Daktari Wanyonyi yote.

"Ukianza upya, Desemba imeenda," Daktari akamwambia. "Unajua hiyo?"

"Najua, Daktari."

Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye kompyuta. Ilimchukua miezi. Safari hii aliining'iniza mvua kutoka juu ya karatasi, kila mwezi na michirizi yake, na mwezi wenye mvua nyingi michirizi ikateremka hadi chini kabisa.

Aprili akampelekea mama yake mchoro huo mpya. Gauni lilikuwa bado limekunjwa juu ya kabati, halijavaliwa. Chelimo hakuuliza kama ameelewa. Aliuliza angepanda lini maharagwe ya msimu wa pili.

"Ee, sasa hii inanyesha," Jelagat akasema akicheka. Kidole kikasimama Agosti. "Hapa. Lakini hiyo nilikuwa najua, hata kabla uende chuo."

"Kama ulijua, Mama, mbona ulingoja Septemba?"

Jelagat alimtazama, akashangaa kwamba hilo nalo linahitaji kuulizwa.

"Si ulikuwa umeandika jina yako pale chini?"