Swali Lililojibiwa na Mashine

Pale hospitalini wanamwita Mama Faili. Ana miaka hamsini na tisa, na programu ya kumbukumbu za wagonjwa aliiandika yeye, peke yake, miaka ishirini na saba iliyopita. Ndani yake aliweka kizuizi kimoja. Karani akiandika kwamba mgonjwa amefariki, skrini ilisimama na kuuliza: "Ndugu wameambiwa?" Bila "ndiyo", faili halikufungwa. Alikiweka kwa sababu kwao walijua kifo cha kaka yake kwa barua ya kuwaita wakachukue viatu vyake.

Mwaka huu programu hiyo haikutupwa. Ilivikwa ganda jipya, ili maabara, duka la dawa na mfumo wa ujumbe wa simu viiulize na kujibiwa vyenyewe, bila karani.

"Mama, kitu chako kinanizidi umri," fundi wa mradi alimtania.

"Basi kiamkie."

Siku ya majaribio kazi ilikwama palepale kwenye swali. Hakukuwa na mtu wa kulijibu.

"Niweke nini, mama?"

"Weka ndiyo, mwanangu. Ya majaribio tu. Kesho tutaiondoa."

Kesho yake Mama Faili alikuwa na orodha ya kasoro arobaini. Ile "ndiyo" haikuwamo, kwa kuwa haikukwamisha chochote tena. Mfumo ukaanza kazi Jumatatu.

Alhamisi alifariki mgonjwa wa wodi ya wanawake. Muuguzi aliandika kifo, akageuka kutafuta namba ya mume wa marehemu. Faili lilikuwa limeshajifunga, na ujumbe wa simu ukamtangulia. Ulimkuta mume kituo cha basi: afike kuchukua vitu vya marehemu.

Wakuu walimshauri Mama Faili aseme ni hitilafu ya mtambo. Alimkuta mwanamume yule kwenye benchi la mapokezi, magotini mfuko wa nguo alizokuwa akimletea mkewe.

"Pole, baba."

"Wanasema mashine imekosea."

"Mashine iliuliza. Mimi ndiye niliyesema ijibiwe ndiyo."

Hakupaza sauti. "Saa tisa nilikuwa napiga pasi. Alikuwa hai?"

Mama Faili alikuwa amelisoma faili. "Alifariki saa tisa kasoro dakika tano."

"Basi gauni hili nilimpigia pasi marehemu."

Jioni aliiondoa "ndiyo" ile kwa mkono wake. Mafaili mengine sita yalikuwa yamefungwa kwa jibu hilo, na hakuna aliyelalamika. Aliomba namba za wafiwa, akavuta simu, akaanza na ya kwanza.