Kizibo cha Boti ya Baba

Wiki iliyopita nilikuwa nimesinzia barazani mchana, harufu ya lami inayochemka ikaniamsha. Nikajikuta nina miaka kumi na moja, nimesimama kando ya ziwa, na Baba ananiuliza, "Mwanangu, utaingia wewe?" Nilipaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo, na nimeishi na ile ndiyo mpaka kichwa kimekuwa cheupe.

Niwaeleze ilivyokuwa. Tulikaa Nyaishozi, katikati ya migomba na mibuni, na Baba alikuwa fundi seremala. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza, lakini sifa yake hasa ilikuwa mitumbwi ya pombe, yale magogo yaliyochongwa tumbo ambamo watu hukanyaga ndizi mbivu kupata maji ya kutengenezea rubisi. Dada yangu Kokusima, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Alipopiga randa, maranda yalitoka membamba kama maganda ya kitunguu. Mimi nilipenda vitabu. Siku moja nilipewa msumeno, nikakata ubao pamoja na kaptula.

Mwaka huo Mzee Abdala, mwenye duka la vitambaa ambaye babu zake walitoka pwani, alimwagiza Baba boti ya mbao ya kuvushia watu na mikungu ya ndizi katika ziwa lililo bondeni, upande wa mto Kagera. Baba hakuwahi kutengeneza boti, ila hakuona tatizo. "Mtumbwi unazuia pombe isitoke," alisema, "boti inazuia maji yasiingie. Kazi ni ileile."

Yeye na Kokusima waliijenga uani msimu mzima wa mvua. Dada alitoboa tundu sakafuni, upande wa nyuma, ili maji ya mvua yapate pa kutokea, kisha akachonga kizibo cha mti wa mushambya kilichoingia humo kama ulimi mdomoni. Jioni, wote tukinuka lami, Baba alikuwa akisema, "Atakayekaa ndani siku ya kuishusha ndiye nitakayemwachia karakana." Alisema akimtazama Kokusima, na sote tulijua.

Boti ilipokamilika, Baba aliipima kwa namna aliyoijua: alituamuru tuijaze maji kwa ndoo mpaka ukingoni, kama mtumbwi wa pombe. Halikudondoka hata tone. Mzee Abdala alipofika kukagua alicheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, mbona umeweka ziwa ndani? Ziwa litakuwa nje!" Kokusima akachomoa kizibo, maji yakatoka, naye akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

Siku ya kuishusha, trekta liliivuta kwenye tela kuteremka mlima, na nusu ya kijiji nyuma yake. Wanawake walibeba ndizi za matoke vichwani. Ilikuwa kama harusi, boti ndiyo bibi harusi. Ziwani, dereva akageuza trekta na kulirudisha tela kinyumenyume, polepole, hadi magurudumu yakazama nusu kati ya mafunjo. Baba alikuwa ametandika chini ya boti vigogo vya migomba vilivyomenywa, vinavyoteleza kuliko sabuni. Kilichobaki ni kukata kamba.

Kokusima alikwisha kupandisha mguu kwenye tela. Ndipo mvuvi mmoja wa pale akasema kwa sauti, "Fundi, boti mpya mnampandisha msichana? Kwani umekosa mvulana?" Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Anaye, ila yule ni wa kusoma tu, akiona maji analia!"

Shingo ya Baba ilivimba. Hakumtazama dada. Alinitazama mimi, akauliza lile swali. Nami, ambaye sikujua patasi wala keekee, niliyejua fika mahali pale palikuwa pa nani, nikajibu, "Ndiyo, Tata."

Dada alishuka. Aliponipita alinitia kizibo mkononi. "Rwiza, kisukume tunduni kwa nguvu kabla hawajakata kamba. Usisahau." Nikakitia mfukoni, nikapanda, nikasimama wima kama mkuu wa wilaya. Watu walipiga vigelegele, nami nikawapungia mkono wote, hata yule mvuvi.

Kamba ikakatwa. Boti iliteleza kwa kishindo, ikalipiga ziwa, ikaelea. Ilielea vizuri ajabu! Kisha nikahisi ubaridi vidoleni, halafu kwenye vifundo vya miguu.

"Kizibo!" Baba alipaza sauti. "Kizibo kiko wapi?"

Kilikuwa kinanichoma paja. Nikasema, "Kokusima hakunipa."

Dada alinitazama mara moja tu. Kisha akanyakua toke bichi kwenye kikapu cha mama mmoja, akaingia majini hadi kifuani, akaparamia boti, akalikandamiza toke tunduni na kuligonga kwa ngumi hadi maji yakakoma. Ufuo mzima ulilipuka kwa shangwe. Mzee Abdala alisema hajawahi kuona chombo kilichookolewa na chakula cha mchana. Tulivuka ziwa na toke lile, tukarudi nalo.

Lakini Baba hakucheka. "Asiyetunza kizibo hatatunza karakana," alimwambia dada mbele ya watu, na jioni hiyo nyundo akanikabidhi mimi. Kokusima hakujitetea. Mwaka uliofuata aliolewa ng'ambo, Uganda, akavuka mpaka wa Murongo na sanduku lake la mbao alilolitengeneza kwa mkono wake.

Nilimkiria kosa langu tukiwa wazee wote wawili. Alicheka. "Nilijua, Rwiza. Mfuko wa kaptula yako ulikuwa umevimba kama shavu la mtoto mwenye pipi." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. "Baba angekuchapa," alisema. Mwezi uliofuata alimtuma kwangu mjukuu wake, binti mwenye mikono kama yake, achukue vifaa vya Baba. Nikamwambia visiondoke, abaki navyo hapa. Ndiye anayechemsha lami uani. Boti yake itashuka ziwani Jumamosi, na atakayekaa ndani ni yeye. Kizibo kile bado ninacho, nitampa mkononi, kisha nitasimama hapo hadi nione amekisukuma.

Wakati ule nilidhani nimeshinda kiti kwenye boti. Boti yenyewe haikuharibika, ilivusha watu miaka mingi. Ila vifaa vya Baba vililala vikishika kutu mikononi mwangu tangu alipofariki, dada yangu hakushika tena randa maishani mwake, nami nimezeeka katika nyumba hii bila yeye.