Mtu wa Nyuma ya Noa ya Mikate

Scolastika Masalu alichambua tumbaku Ushetu miaka kumi na miwili, mpaka moshi wa mabani ya kuikaushia ulipomkaba kifua. Ndipo kaka yake alipomfundisha udereva. Sasa ana miaka arobaini na sita, na kila alfajiri husambaza mikate kwa Noa iliyochoka, kutoka tanuri moja la Kahama hadi maduka ya barabara ya Bulyanhulu.

Mikate hupakiwa ya moto. Mvuke wake huziba kioo cha nyuma, na msimu wa mvua ukungu hufunika hata vioo vya pembeni. Zamani alisimama kila mara kuvifuta kwa kanga. Mwaka jana fundi umeme Akida alimwonyesha kitufe chenye alama ya mawimbi matatu.

"Mama Blessing, gari hili limetoka nchi za baridi. Waya za kioo cha nyuma zimekatika, lakini hivi vya pembeni ukibonyeza hapa vinapata joto, vinakauka vyenyewe."

Mwezi Machi, Edson wa bodaboda alimsubiri dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kesho ukifika kwenye mikaratusi, usisimame. Kuna msukule. Mweupe mwili mzima, unafuata magari kwa nyuma. Leo umenifuata mimi."

Watu walishamtaja kwa jina: Bujiku, mchimbaji mdogo aliyefukiwa na duara, shimo la dhahabu, pamoja na wenzake wawili, wiki nzima sasa. Miili haikupatikana. Ndugu zake walizika nguo zake, matanga yakaanuliwa.

Kesho yake Scolastika alifika kwenye mikaratusi kukiwa na manyunyu. Dimbwi barabarani lilimlazimisha kupunguza mwendo. Alipotazama kioo cha kushoto hakuona ila ukungu, na ndani ya ukungu kitu cheupe kikisogea.

Mguu ulitaka kukanyaga mafuta, lakini mkono ukawahi kitufe. Alitaka angalau ajue anachokikimbia.

Kioo kilianza kukauka katikati, polepole, kama tundu linalopanuka. Kwanza ilionekana mikono iliyonyooshwa mbele. Kisha kifua chenye tope jeupe lililoganda. Kisha uso, nao ulikuwa karibu kuliko alivyodhani. Ukungu ukazidi kuondoka, akaona miguu: mmoja una buti, mwingine mtupu, unachuruzika damu. Mtu yule akajikunja, akashika magoti, akakohoa.

"Mzimu haukohoi," Scolastika alisema kwa sauti, ingawa hakuwa na wa kumsikia. Akavuta breki ya mkono, akashusha dirisha kidogo.

"Wewe ni nani?"

"Bujiku. Mama, naomba maji."

Alikuwa ametokea juzi kwenye shimo la zamani. Nyumba ya kwanza walimrushia mawe. Kila gari alilolifuata lilikimbia. Scolastika alimpa maji, akamkatia mkate vipande vidogo, naye akala huku machozi yakichora mistari kwenye tope.

Walipofika nyumbani kwa Bujiku, majirani walitawanyika. Mkewe, Vumilia, alisimama mlangoni, hakutoka.

"Kama ni wewe, taja ng'ombe aliyekufa njiani mlipoleta mahari yangu."

"Hakufa ng'ombe," Bujiku alijibu kutoka garini. "Alikufa ndama, wa yule mweusi mwenye pembe moja."

Vumilia akakaa chini palepale, akalia. Njia nzima ya kwenda hospitali alikaa nyuma, juu ya kreti. Walipokaribia alimgusa mumewe begani kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja chote.

Bujiku alipona, akaacha machimbo, akarudi kwenye jembe. Kaburi la nguo zake bado lipo. Hajapatikana mtu wa kukubali kulifukua, na wapo wasiompa mkono hadi leo.

Siku moja, akinunua mkate, alimwambia Scolastika jambo ambalo hakuwa ameulizwa.

"Wenzangu walinyamaza siku ya pili. Siku ya sita mtu alinishika mkono gizani, akanivuta mpaka kwenye hewa."

"Nani?"

"Sikuuliza, mama. Mkono ulikuwa wa baridi, nami niliogopa ungeniachia."

Scolastika alimwongezea mkate wa pili, akawasha gari.