Kesho Iko Mgongoni

Kwa miaka kumi na tisa Basilia Ticona alipiga deki wodi ya wazazi katika hospitali ndogo mlimani, juu ya Ziwa Titicaca, ukungu ukiingia dirishani kila asubuhi kama mgeni asiyebisha hodi. Mwaka wa kumi na tisa Daktari Iturralde aliamua kwamba hata wapishi na wapiga deki wahudhurie mafunzo ya Jumanne: kutafuta kasoro, kujaribu kuirekebisha kwa watu wachache, kuhesabu, kisha kujaribu tena.

Kasoro ilikuwa hii: akina mama waliojifungua watoto njiti hawakurudi kliniki. Kadi yao ilikuwa na picha ya mwanamke anayetembea, na mbele ya pua yake iliandikwa tarehe ya kurudi.

"Uzembe tu," alisema Fabiola, muuguzi.

Basilia aliitazama kadi mpaka macho yakamlegea. Akamwona akilini marehemu mama yake akitembea ndani ya ukungu, mtoto mgongoni. Kwa Kiaymara, lugha ya mama yake na ya vilima vile, jana iko mbele, maana macho yameshaiona; kesho iko nyuma, haionekani.

"Daktari," alisema, "huyu mwanamke keshakwenda kliniki. Tarehe iko mbele yake. Imeshapita."

Fabiola akaangua kicheko. "Mama Basilia, sabuni imekupanda kichwani!"

"Na wewe Kihispania kimekupanda. Kamuulize bibi yako kesho iko wapi."

Fabiola akaichukua ile kadi, akaitazama upya.

"Tujaribu kadi tano," alisema daktari. "Chora wewe, mama."

Basilia alijua kwamba akikosea, hatafumbua tena mdomo Jumanne, na vile vitoto vyepesi kama vifaranga vitabaki huko vilimani bila kupimwa. Akachora furushi mgongoni mwa kila mwanamke, na tarehe ndani ya furushi.

Siku ikafika. Akina mama wanne walikuja. Wa tano, Justa, hakuonekana. Basilia alipiga deki palepale mlangoni, akarudia, mpaka sakafu ikang'aa kama ziwa. Adhuhuri ukungu ukafunguka, Justa akatokea, mtoto mgongoni.

"Umechelewa, dada," alisema Fabiola.

"Nimechelewa wapi? Siku ilikuwa inanifuata nyuma. Nilipunguza mwendo inifikie."

Fabiola akampa Basilia kalamu, akamwonyesha chati ya mafunzo ukutani, yenye nukta nne za waliorudi.

"Weka nukta ya tano, mama. Lete hilo dekio, nikushikie."