Gari Lililonyanyuliwa kwa Ajili ya Magunia

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila nionapo gari lililonyanyuliwa juu, tupu, mkia umesimama kama wa mbuzi. Siku hiyo nilikuwa kijana, dereva wa Landrova ya kijiji chetu cha ujamaa huko Handeni. Umeniambia unataka kubadilisha springi za gari lako, na umenionyesha picha za kila aina. Kaa kwanza. Nitakueleza habari za springi, ila si habari ya kufurahisha.

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu miguu yangu haikutulia. Nimekata mkonge Korogwe, nimeosha injini Manundu, nimelala kwa watu ambao hata majina yao siyakumbuki. Kila nilipoona kitu kimefunguliwa, nilichungulia ndani. Ndivyo nilivyojua magari. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, kijiji kimoja kikapewa Landrova kuukuu bila dereva, nami nikawa dereva wake. Nilidhani nitakaa miezi michache, kisha niondoke.

Barabara yetu ilichongwa kwa haraka, kama kila kitu cha wakati ule. Ulikuwa udongo mweusi. Mvua ikinyesha unameza magurudumu, jua likiwaka unabaki mifereji migumu kama matofali. Tukipakia mahindi, nyuma ya gari ilikaa chini, tumbo likakwangua katikati ya njia, na taa za mbele zikaangalia mawingu. Mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, mtu mnene mwenye sauti kubwa na moyo safi, akasema kwenye mkutano kwamba gari linyanyuliwe. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Tukaenda Manundu, pale Korogwe, kwa Fundi Singano, Msambaa mwembamba aliyependa kuuliza maswali akiwa amelala chini ya gari, humwoni uso.

"Mnabeba nini?"

"Mahindi na pamba," akajibu Mwenyekiti.

"Kila siku?"

"Wakati wa mavuno, kila siku."

"Na wakati mwingine?"

"Wakati mwingine liko tupu. Gari tupu lina nini cha kuangaliwa?"

Fundi akatoka chini, akajifuta mikono, akatueleza njia mbili. Ya kwanza, tubaki na springi zetu, tubadilishe majani yaliyochoka, yaani zile bapa za chuma zilizopangwa juu kwa juu, kisha aweke vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Gari litapanda kidogo na litabaki laini, lakini tusilijaze magunia kupita kiasi. Ya pili, atuwekee majani mazito aliyoyafungua kwenye tela la kubebea mkonge. Gari litapanda sana, litabeba tutakacho, na likijaa ndipo litakaa sawasawa mbele na nyuma.

"Ila haya," akasema, akiyagonga kwa spana, "hayainami bila mzigo. Likiwa tupu litarusha."

"Litamrusha nani?" Mwenyekiti akacheka. "Dereva? Huyu bado kijana, acha arushwe, atachelewa kuzeeka."

Tukacheka wote, tukachukua ya tela. Niseme kweli, lilipendeza. Tulipita nalo vijiji vya njiani watu wakitoka kulitazama.

Kijijini alitupokea Bibi Mwanaidi, mkunga wetu.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia kutoka dirishani.

"Marahaba. Shuka kwanza, shingo inaniuma."

Nikashuka. Akalizunguka gari polepole, akaweka mkono kwenye ubao wa nyuma, ambao sasa ulimfika kifuani.

"Limekuwa refu. Na ngazi mmechonga?"

"Ngazi ya nini, bibi?" akasema Mwenyekiti. "Magunia yanarushwa tu juu."

"Na Zaina naye nimrushe?"

Zaina alikuwa mke wa jirani yangu Athumani. Mimba zake za nyuma zilikuwa zimeharibika, na hii ilikuwa imekomaa. Kijiji kizima kiliitazama ikikua, wengine wakipita nyumbani kwake bila shughuli, wamjulie hali tu. Bibi Mwanaidi alishasema mapema kwamba huyu hatamzalisha yeye, atapelekwa hospitali ya Korogwe.

"Tutamwekea godoro," Mwenyekiti akasema.

"Godoro halizuii gari kuruka, mwanangu. Mmekwenda wabeba magunia peke yenu, mkauliza habari za magunia. Mngemchukua hata mwanamke mmoja, angeuliza habari ya mgonjwa."

Mwenyekiti akasema tutaliangalia jambo hilo baada ya mavuno.

Mavuno hayakuja. Mvua ilikatika mahindi yakiwa usawa wa magoti, yakakauka yamesimama. Tukaishi kwa mihogo na unga wa njano wa msaada. Landrova ikawa imeegeshwa mbele ya ofisi ya kijiji, na springi zake ngumu, haina cha kubeba.

Asubuhi moja Athumani akaja mbio. Uchungu ulikuwa umemshika Zaina tangu jana yake na mtoto hashuki. Tulimpandisha garini kwa kukanyagia kinu kilichopinduliwa, tukishikana mikono kama wapakiaji wa mizigo, na Bibi Mwanaidi hakusema neno juu ya ngazi. Laiti angelisema. Godoro likatandikwa, bibi akakaa pembeni yake, Athumani akakaa mbele nami, nikaondoa gari.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Nilikwenda polepole kuliko mtu anayetembea, na bado lile gari liliruka. Gurudumu likigusa mfereji, nyuma yote ilipaa na kuanguka, kama mtu anayepigiza gunia chini. Zaina hakupiga kelele za uchungu. Alikuwa akisema, "Basi, basi, basi," kama anayembembeleza mtu aache kumpiga.

"Simama!" bibi akapiga bodi. "Simama, utamuua!"

Nikasimama. Palikuwa karibu na shamba la ujamaa, na watu walikuwa wakilima matuta ya mihogo. Mwenyekiti akaja na jembe begani. Nikamkumbusha aliyoyasema fundi, kwamba springi hizi haziinami bila mzigo. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na gunia. Palikuwa na watu.

"Pandeni," akawaambia.

Hakuna aliyepanda. Kwetu mwanamume hasogei penye uzazi, hata mume hukaa mbali mpaka aitwe. Wanaume wakatazama chini. Mmoja akanong'ona, "Mzee, hii ni aibu."

Ndipo Bibi Mwanaidi akavua kanga yake ya juu, wanawake waliokuwa shambani wakampa za kwao, akazifunga kwenye vyuma vya turubai kumzunguka Zaina. "Pandeni mkae nje ya kanga," akasema. "Mgeuze migongo. Wala simtaki mtu aseme neno."

Mwenyekiti akapanda wa kwanza, na alipokaa nilisikia springi zikilia. Wakafuata wengine, wamebanana ukingoni, migongo kwa mgonjwa, nyuso kwa barabara, miguu inaning'inia. Walikuwa wamekonda kwa njaa, ikabidi wapande wengi. Nikaondoa gari. Lilitulia. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke Manundu, lile gari lilikwenda kama gari.

Lakini muda ulikuwa umepita, na uzito ulitupunguzia mwendo. Kwenye kilima injini ilichemka, tukangoja ipoe. Mwenyekiti alitazama mbele tu, machozi yakimtoka bila kuyafuta, kwa kuwa mikono yote alikuwa ameshikilia vyuma. Tulipovuka mto na kuingia Korogwe ya Zamani, Zaina alikuwa kimya.

Walimpokea vizuri hospitalini. Zaina alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka akiwa ameshatangulia. Athumani akamuuliza muuguzi kama barabara ndiyo iliyomuua. Muuguzi akasema hawezi kujua, huenda ilikuwa hivyo tangu nyumbani. Nimeishi na jibu hilo mpaka leo. Hata mimi sijui.

Tulimzika mtoto Kwamndolwa, huko huko Korogwe, kwa ndugu wa Athumani. Baada ya mazishi nikawaambia wale wanaume kwamba lipo basi la kurudi Handeni, wawahi mashamba yao. Hakuna aliyenyanyuka.

"Na Zaina atarudi na nini?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Nitamrudisha mimi."

"Na gari tupu?"

Wakabaki. Walilala uani kwa yule ndugu, wakala walichopewa, wakatengeneza ua wa jirani ili wasikae bure. Siku Zaina aliporuhusiwa, hawakuambiwa na mtu. Walipanda kwanza, wakageuza migongo, wakaacha nafasi katikati. Zaina akasimama akiwatazama. Kisha akamwambia Bibi Mwanaidi, "Waambie wanaweza kugeuka. Hakuna tena cha kuficha."

Hakuna aliyegeuka. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukienda kwa fundi usianze na urefu unaoutaka. Anza na watu. Jiulize gari lako linabeba nini siku nyingi za mwaka, si siku ile moja ya kujaa. Kama siku nyingi uko peke yako na mkeo, usiweke springi za kubebea mawe. Nyanyua kiasi cha kupita tu njia yako. Ukibadilisha springi badilisha na shokapu, maana shokapu ya springi laini haiwezi kuituliza springi ngumu. Gari lisimamapo sawasawa likiwa tupu hujalijua bado; lipakie, ulipime tena. Na kabla hujakata shauri, mwite yule ambaye hatashika usukani, atakayelala nyuma siku akiugua, umuulize yeye. Akiuliza jambo la kukukera, lisikilize hilo kuliko yote.

Nenda salama. Mungu akujalie njia iliyonyooka, na kila utakayempakia umfikishe akiwa hai. Na siku gari lako likikosa mzigo, usikose majirani wa kupanda.