Kwandu aliyegeuza cherehani kuwa msumeno wa nakshi

Saa nne asubuhi, nyuma ya soko la Bariadi, Kwandu Masalu anakanyaga cherehani. Mkanda unazunguka na gurudumu linalia kama la fundi nguo yeyote. Lakini mezani hakuna kitambaa. Kuna ubao wa mninga, na mahali pa sindano kuna msumeno mwembamba unaopanda na kushuka.

Anausukuma ubao taratibu, anauzungusha, kisha anapuliza vumbi jekundu ili auone mstari wa penseli.

"Subiri kwanza, nipo kwenye kona," anasema bila kuinua macho. "Nikitoka hapa nitakujibu."

Kwandu, mwenye umri wa miaka 38, alishona sare za shule na magauni ya kipaimara tangu alipoolewa. Biashara huria ilipozidi kumimina marobota ya mitumba Bariadi, wateja wake wakabaki wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

"Sikuwalaumu," anasema huku akicheka. "Hata hili gauni nililovaa ni la mtumba."

Banda la jirani ni la Joakim Salu, fundi wa vitanda. Mwaka jana Joakim alinunua Mwanza mashine ndogo iliyotumika, iliyoingia na kontena kutoka ng'ambo. Alipoichomeka kwenye umeme, mota ikaungua siku hiyo hiyo. Akaisukumia chini ya meza.

Kwandu aliiona alipokwenda kuazima nyundo.

"Nikamuuliza, kaka Joakim, hiki ni kitu gani? Akasema ni msumeno wa kukatia nakshi, lakini umekufa. Nikauzungusha kwa mkono, nikaona unapanda na kushuka kama sindano. Tangu hapo sikutulia."

Wakakifungua kichwa cha cherehani, wakaukaza msumeno juu ya meza yake, wakaunganisha mkanda na gurudumu la chini. Ukazunguka.

Mumewe, Sylvester, aliporudi kutoka shambani alikuta kichwa cha cherehani kimelazwa juu ya gunia. Ile cherehani aliinunua kwa pamba yao ya kwanza walipooana.

"Nilikasirika sana," anasema Sylvester. "Nilimwambia, mama, kitu cha kutulisha umekivunja ili uchezee kuni?"

Kwandu aliendelea kujaribu. Bledi za msumeno zilikuwa zinakatika moja baada ya nyingine, na kila mara zilikatikia kwenye kona. Alibadilisha mbao, akalegeza mkanda, akaukaza tena. Hakuna kilichosaidia, mpaka siku moja alipoacha kutazama mikono akatazama miguu yake.

"Kwenye nguo, ukifika kona unasimama, sindano ikiwa ndani, ndipo unageuza kitambaa. Mguu wangu ulikuwa unasimama wenyewe kwa mazoea. Kumbe msumeno hautaki hivyo. Kwenye kona unaacha kusukuma, lakini huachi kukanyaga. Unauacha ujichimbie nafasi, halafu unageuza ubao pole pole."

Kutoboa katikati ya ubao nako alijifunza mwenyewe: unatoboa tundu kwa keekee, unafungua bledi upande mmoja, unaipitisha tunduni kama uzi, kisha unaifunga tena.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilitoka Nyalikungu, Maswa. Mama mmoja, Felisita, aliagiza kwa Joakim kitanda cha harusi ya binti yake. Kichwa cha kitanda alitaka kiwe na ng'ombe mwenye pembe ndefu.

Kwandu alikuwa anamalizia pembe ya pili ilipokatika. Harusi ilikuwa imekaribia na mninga mwingine mpana haukuwepo.

"Nilikaa chini nikalia," anasema.

Joakim aliingia ndani kwake, akang'oa mlango wa mninga wa kabati lake mwenyewe, akauweka mezani.

Safari hii Kwandu hakuanza kukata. Alikitazama kile kipande kilichovunjika, akaona pembe ilikuwa imekatiza nyuzi za mti, ile mistari inayoupa ubao nguvu. Akachora upya, pembe zikipanda kufuata nyuzi mpaka ncha zikashikana na fremu ya juu.

Felisita alipofika alimsalimia Kwandu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kisha akapitisha kiganja juu ya zile pembe.

"Huyu ng'ombe mmemwona wapi?" aliuliza. "Marehemu baba alikuwa naye kama huyu."

Sylvester alikuwepo. Kile kichwa cha kitanda alikibeba mwenyewe hadi kwenye gari, akakataa kusaidiwa. Siku hizi, akienda mji jirani wa Lagangabilili, humletea Kwandu mbao zilizokauka vizuri.

Sasa Kwandu anatengeneza ramani ya Tanzania, kila mkoa kipande chake, ili watoto wa shule wajifunze nchi kwa kuipanga kwa mikono. Anataka ramani hizo ziingie kila darasa wilayani Bariadi. Ziwa Victoria ameliacha wazi, tundu tu, na hapo ndipo alipokwama: kisiwa cha Ukerewe hakina pa kushika.

"Joakim anasema nigandishe ubao nyuma, lakini mtoto ataona mbao, siyo maji," anasema, akifungua pindo la kitenge alichojifunga kiunoni na kukitoa kisiwa kidogo cha mninga. Anakigeuza mwangani. "Nitaijua tu njia yake. Kwa sasa natembea nacho."