Wachoma Chokaa Walipoacha Kuja Kunywa Uji

Zama za Wajerumani nilikuwa na nyumba ya chakula kisiwani Chole, karibu na boma: uji asubuhi, mihogo na samaki mchana. Wenye mashamba walijua hali ya mji kwa bei ya nazi. Mimi niliijua kwa sufuria. Serikali ikijenga, sufuria mbili hazitoshi. Ikinuna, moja inabaki, mimi na paka tunaitazama.

Mwaka mmoja, baada ya Idi, kazi zilifunguka ghafla. Msimamizi wa boma akawa anaandika watu kila kukicha. Jirani yangu muuza nguo akaagiza robota zima la kanga.

"Bibi, ongeza jungu! Mji umeamka!"

Nikaongeza. Nikawahesabu walaji, kisha nikawahesabu tena, maana hesabu ya kwanza huwa ya furaha. Wengi kweli. Ila wote walikuwa wachukuzi. Waashi hawakuwamo. Wachoma chokaa, watu wangu wa bakuli la pili, waliokuja na kope nyeupe kama wamemwagiwa unga, hawakuonekana. Nikaenda nyuma ya boma kulitazama tanuri lao. Ndani nikamkuta kuku wangu, ambaye nilikwisha kumshtaki jirani kuwa kamla, amelalia mayai.

Sasa nani anajenga bila chokaa? Nikarudi kizingitini, nikaitazama mizigo. Mabati, milango, madirisha: vyote vilishuka pwani kupakiwa mashua za Utende, ng'ambo ya maji. Hakuna kilichopanda.

"Mwanangu, mnavipeleka wapi?" nilimwuliza mchukuzi mmoja.

"Kilindoni, bibi, mbele ya Utende. Boma linahamia huko. Tumeambiwa tusiseme."

"Vizuri, usiseme." Nikamjazia bakuli.

Marehemu mume wangu aliniachia vitu viwili: nyumba ile na ndugu zake. Ndugu hawauziki. Boma likiondoka, ningebaki nawapikia popo. Ilinibidi niuze kabla mji haujaelewa, nipate kiwanja Kilindoni.

Akaja bwana mmoja wa Kirongwe, mwenye minazi, kilemba safi, bakora mkononi.

"Nasikia unauza, bibi."

"Siuzi, bwana. Nafikiria tu."

Nilimkaribisha makusudi saa ya uji, aone umati. Hakuwatazama. Aliinua kichwa, akaanza kugonga boriti kwa bakora.

"Mkoko huu?"

"Mkoko mtupu. Mkavu, hauna mchwa." Nikasogea, nikasimama chini ya ile boriti ya juu ya jiko, asiifikie.

"Bwana, tazama watu basi! Wote hawa wanakula hapa!"

"Watu nimewaona. Boriti ngapi?"

"Kumi na nane."

"Mimi nimepata kumi na saba."

Tukahesabu pamoja, zilikuwa kumi na nane. Nikasema moyoni: maskini, mji unamhama na yeye ananunua dari. Nikataja bei, akaikata nusu, nikawaita walaji washuhudie dhuluma. Tukapatana chini ya nilichotaka, juu ya nilichoogopa. Sharti lake, nihame kabla ya Ijumaa. Nikajifanya kuumia.

Ijumaa nilikuwa pwani na majungu yangu, nasubiri mashua, nimejaa shukrani. Wakashuka wachukuzi na boriti mabegani. Nyuma yao mlango wenye alama za meno ya mbuzi wangu. Nikahesabu boriti. Kumi na nane. Nyuma kabisa, bwana wa Kirongwe na bakora yake.

"Kumbe tunasafiri pamoja, bibi," akasema.

Kilindoni kila mtu alikuwa anajenga. Tanuri zilifuka moshi mchana kutwa, wachoma chokaa wangu wakanilaki kwa vifijo, na boriti kavu hazikupatikana ila kwa mtu mmoja. Kiwanja nilikuwa nacho. Paa sikuwa nalo. Nikaenda. Akataja bei. Nikacheka, nikaita watu washuhudie dhuluma.

"Bwana, boriti hizi zimezeeka!"

"Zimezeeka? Mkoko mtupu, mkavu, hauna mchwa. Aliyeniuzia ni mwanamke mkweli."

Niliweza kununua tisa tu, nyumba nusu ya ile ya kwanza. Nikazichagua mwenyewe, moja moja, na ile iliyokuwa juu ya jiko nikairuka mara mbili.

"Mbona hiyo huitaki?" akauliza.

Nikamwambia rangi yake hainipendezi.